Haki ya Mfanya Kazi Aliyefungiwa Kiwanda

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi lilitokea suali ambalo jawabu yake haikutimia mpaka kukaadhiniwa Isha, na kwa sababu hiyo tumeona ni bora kuyaandika hapa yaliyosemwa na yaliyobaki. Mmoja katika wasikilizaji, naye ni mfanya biashara atoaye zaka yake kila mwaka kwa hisabu wala hakisii, aliuliza hivi. Ana jirani yake, mtu wa makamo mwenye afya na nguvu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kimefungwa, kwa kuwa nguo zitokazo nje zauzwa kwa bei ambayo kiwanda hakiwezi hata kununulia uzi wake. Je, yafaa kumpa mtu huyu zaka? Au yeye ni katika wale ambao Bwana Mtume s.a.w. amewatoa katika fungu hilo, maadamu mwili wake una nguvu?

Kabla hajajibiwa, mzee mmoja alisema kwamba mwenye mikono miwili hapewi, na aende akatafute kazi kama watu wengine. Wengi waliokuwapo waliitikia maneno hayo. Sisi twaona hukumu ile ilikuwa ya haraka, na tena suali lenyewe ni kubwa kuliko zaka ya mtu mmoja. Maana kabla ya kuuliza apewe nini, yapasa kuuliza ni nani aliyefaidika kwa hasara iliyompata.

Aliyefaidika si mtu wa mbali. Mimi niandikapo maneno haya nimevaa shati la mtumba lililonunuliwa Kongowea, nalo ni shati zuri, wala sikulinunua kwa nia ya kumdhuru mtu yeyote. Mama mwenye watoto sita huwavisha wote kwa fedha ambazo zamani zingalimvisha mmoja. Mwenye duka hufaidika, na mchukuzi, na fundi cherahani arekebishaye, na Serikali pia hupata ushuru wake bandarini Kilindini kabla robota halijafunguliwa. Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara, nasi hatusemi meli zizuiwe baharini. Lakini faida hii yote iliyogawanyika vipande vidogo vidogo kwa maelfu ya watu, hasara yake haikugawanyika. Imewaangukia watu mia chache kwa mara moja, na hao hawakufanya kosa lolote ila kufika kazini kila asubuhi.

Wanavyuoni wa fiqhi wana kanuni mashuhuri, na Majalla ya dola ya Uthmaniya imeiweka katika kifungu chake cha 87, kwamba gharama humfuata mwenye faida. Atakaye tamu ya jambo na achukue na uchungu wake. Basi ikiwa mji mzima, au nchi nzima, imefaidika kwa kufunguliwa mlango wa biashara, hayumkini kuwa uchungu wake uwe wa yule fundi peke yake na watoto wake.

Hapa tutatoa mfano wa nchi iliyoyasema haya waziwazi katika sheria zake, nayo si nchi ya Kiislamu. Ni Marekani. Nchi hiyo si ngeni kwetu katika jambo la nguo, kwani jina lake tuliliweka katika kitambaa. Baada ya mapatano ya biashara aliyoyafanya Sayyid Said bin Sultan na Wamarekani mwaka 1833, merikebu za kutoka mji wa Salem zilileta Unguja kitambaa kile kigumu cha pamba ambacho wazee wetu walikiita merikani, wakakivaa, wakakipeleka bara kwa misafara, na wakawakafinia maiti wao. Kiwanda cha Naumkeag cha mji ule ule wa Salem ni katika vilivyokifuma. Na kitambaa hicho kilipoingia, kilimkuta mtu. Mogadishu walikuwako wafumi ambao nguo zao Ibn Battuta alizisifu alipofika huko mwaka 1331, na akasema zilikuwa zikipelekwa hata Misri. Walipojiwa na merikani soko lao lilipungua. Hapakuwa na wa kuwauliza watakula nini, wala wazee wetu, Mungu awarehemu, hatukusikia kwamba walilihesabu jambo hilo kuwa linawahusu.

Kisha dunia ikageuka. Mwaka 1953 kiwanda kile cha Salem nacho kilifungwa, na kazi yake ikahamishiwa South Carolina ambako ujira ulikuwa mdogo. Na viwanda vya huko kusini navyo, kwa zamu yao, vikaja kujiwa na nguo za kutoka nchi za nje. Mfumi wa Mogadishu na mfumi wa Salem hawakujuana, ila msiba wao ni mmoja.

Sasa itazameni sheria yenyewe. Tarehe 11 Oktoba 1962 Rais Kennedy alitia sahihi sheria ya kupanua biashara, iliyomruhusu kupunguza ushuru wa bidhaa za nje kwa kupatana na mataifa mengine. Alikwisha kuwaambia watu wa Bunge, mwanzo wa mwaka ule, kwamba ikiwa maslaha ya taifa zima yataka ushuru usipandishwe, si haki mzigo wote wa madhara wabebe wale watakaoangukiwa nao, bali baadhi yake iubebe Serikali. Kwa hivyo ndani ya sheria ile ile kukawekwa msaada kwa wafanya kazi watakaopoteza kazi kwa ajili ya bidhaa za nje: posho ya kila wiki, na mafunzo ya kazi nyingine, na gharama za kuhama kwa apataye kazi mji mwingine. Msomaji ataona kwamba hoja yake ni ile ile ya kifungu cha 87, ingawa Kennedy hakusoma Majalla.

Lakini ahadi ni kitu kimoja na kuitimiza ni kitu kingine. Sheria ile iliwafunga wafanya kazi kwa vifundo viwili. Ilibidi ithibitike kwanza kwamba bidhaa za nje zimezidi hasa kwa sababu ya ushuru uliopunguzwa kwa mapatano. Kisha ithibitike kwamba bidhaa hizo ndizo sababu kubwa ya kupotea kwa kazi, kuliko sababu nyingine zote. Mwenye njaa akaambiwa alete hisabu za forodha! Tangu 1962 mpaka Novemba 1969 hakuna kundi hata moja la wafanya kazi lililokubaliwa. Miaka saba msaada ulikuwa karatasini, na ushuru ulikuwa umepungua kwa kweli.

Linganisheni na aliyoyafundisha Bwana Mtume s.a.w. kwa Qabisa bin Mukhariq, r.a., katika Hadithi aliyoitoa Muslim. Alimweleza kwamba kuomba hakuhalaliki ila kwa watu watatu: aliyejitwika deni kwa ajili ya kusuluhisha watu, na aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake, na aliyefikwa na ufukara mpaka watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakasimama kumshuhudia. Hao huomba mpaka wapate cha kuwasimamisha katika maisha. Ushahidi umetakiwa, kwani bila ushahidi mwongo atakula fungu la mkweli. Lakini ni ushahidi wa watu wanaomjua na kuuona mlango wake, wala hakutakiwa aeleze janga limetoka wapi na kwa sehemu ngapi. (Ni ajabu kwamba Wamarekani nao, baadaye, kwa miaka mingi fomu yao ya maombi iliridhika na sahihi za wafanya kazi watatu.)

Sheria ya pili, iliyotiwa sahihi na Rais Ford tarehe 3 Januari 1975, ililegeza vile vifundo. Ikatosha kuwa bidhaa za nje zimechangia pakubwa katika kupotea kwa kazi, na shauri likahamishiwa Wizara ya Kazi. Hapo mlango ukafunguka kweli kweli. Mwaka 1980 viwanda vya motokaa vilipowaachisha watu kwa wingi, gharama ya msaada ilifika kiasi cha dola milioni 1,600, na mwaka uliofuata, chini ya Rais Reagan, sheria ikakatwa na posho ikapunguzwa. Tangu hapo mambo yalikuwa ni kupanda na kushuka, wakitaka mapatano mapya ya biashara huongeza msaada ili wapate kura, na wakipata kura huusahau.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha uzuri wake na upungufu wake. Katika North Carolina uko mji wa Kannapolis, ambao tajiri mmoja mwenye viwanda vya taulo aliuanzisha mwaka 1906, na kwa muda mrefu nyumba na njia na maduka yalikuwa ni ya kiwanda. Watu walizaliwa, wakafanya kazi kiwandani, wakazikwa, na taulo zao zikauzwa dunia nzima. Tarehe 30 Julai 2003 kampuni ya Pillowtex, iliyokuwa imekwisha kuvirithi viwanda hivyo, ilifunga milango yake, na watu wapatao 4,800 wa jimbo lile wakawa hawana kazi kwa siku moja. Wengi wao walitoka shuleni mapema kwa kuwa kiwanda kilikuwa kikiwangoja. Mtu wa miaka hamsini na kitu, ajuaye mashine yake kama ajuavyo mkono wake, akawa hana cheti hata kimoja cha kumwonyesha tajiri mwingine.

Hao walipata msaada. Walilipiwa karo ya chuo na posho wakati wa kusoma, na wazee wakakaa madarasani kujifunza hisabu walizoziacha utotoni. Tena sheria ya mwaka 2002 ilikuwa na jambo ambalo mimi naliona ni bora kuliko yote: mtu aliyetimiza miaka 50, akikubali kazi yenye ujira mdogo kuliko ule wa zamani, hulipwa nusu ya tofauti kwa muda wa miaka miwili, isizidi dola 10,000. Hilo halimfanyi mtu akae bure. Lamwambia, nenda kazini, na hasara yako tutagawana. Nalo lakaribiana na yale aliyoamrisha Bwana Mtume s.a.w. katika matunda yaliyonunuliwa mtini kisha yakapatwa na janga, kwamba muuzaji asichukue mali ya nduguye pasi na haki, bali amwondolee kwa kadiri ya janga.

Wataalamu wa uchumi wamehitilafiana kama mafunzo yale yaliwafaa watu. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Kazi na kutolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliosaidiwa walipata ujira pungufu kuliko wenzao katika miaka minne ya mwanzo. Baadaye Benjamin Hyman aliwafuata watu kwa muda mrefu zaidi, akaona kwamba katika miaka kumi waliokubaliwa walipata jumla ya dola 50,000 zaidi ya wenzao. Na namna alivyochungua ni jambo la kuzingatiwa na kila kadhi na kila karani. Aliwalinganisha wafanya kazi ambao maombi yao yaliangukia mikononi mwa wachunguzi wapole na wale walioangukia wachunguzi wakali. Maana yake ni kwamba watu wenye msiba mmoja, mmoja alisimamishwa na mwingine akaanguka, kwa tabia ya mtu aliyekaa mezani siku ile.

Tarehe 1 Julai 2022 muda wa sheria ulikwisha, na Bunge lao halikuurefusha. Waliokuwa wamekwisha kukubaliwa waliendelea, lakini maombi mapya yakawa hayatolewi hukumu. Bidhaa za nje hazikusita kuingia siku ile. Nami sioni sababu nyingine ya jambo hili ila kwamba lilianza kwa jina la haki, kisha mazoea yakalifanya hisani. Mdai hudai hata mdaiwa akichukia. Apewaye hisani hungoja moyo wa mtoaji.

Basi katika dini yetu ni lipi? Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Suratul Hashr, aya ya 7, kuwa mali ile igawanywe ili isiwe ni kitu cha kuzunguka baina ya matajiri peke yao. Na Bwana Mtume s.a.w., alipofunguliwa nchi na mali zikapatikana, alitangaza kwamba afaye na kuacha mali, mali ni ya warithi wake, na aachaye deni au watoto wasio na wa kuwatazama, basi hao ni juu yake yeye. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Hakusema hayo alipokuwa hana kitu. Aliyasema alipokuwa na hazina, kwa kuwa ni mwenye kutawala. Na Abu Yusuf ameeleza katika Kitabul Kharaj habari ya Sayyidna Umar r.a., alipomwona mzee kipofu wa Kiyahudi akiomba milangoni. Alimshika mkono akamchukua nyumbani kwake, akampa, kisha akamwita mweka hazina akamwambia kwamba hatukumfanyia insafu mtu huyu tukila ujana wake kisha tukamtupa katika uzee wake. Itazameni hoja yake. Hakutaja huruma tu, alitaja kodi iliyochukuliwa kwake alipokuwa na nguvu.

Nasi Kenya tuko wapi katika haya? Mwanzo wa miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, na mitumba ikaingia kwa wingi. Kiwanda cha Kicomi cha Kisumu kilifungwa katika miaka hiyo, na Rivatex ya Eldoret ikaangushwa mpaka iliponunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Sikatai kwamba usimamizi mbaya na umeme ghali na wizi navyo vilikuwa na sehemu yao. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, yamtaka tajiri apunguzaye watu awalipe ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka waliotumika. Ni jambo jema, lakini lamtwika mzigo yule yule ambaye naye anazama. Kiwanda kikishafilisika, fundi husimama kwenye safu ya wadai nyuma ya benki. Ilhali Serikali, iliyoufungua mlango kwa niaba yetu sote, hupokea ushuru wa kila kontena lishukalo. Sisi twaona ni katika insafu kutengwa sehemu ya ushuru huo, kwa sheria na kwa jina lake, iwe ni haki ya waliofungiwa viwanda kwa ajili ya bidhaa hizo. Wajumbe wetu wajao kutuomba kura wangaliulizwa hilo badala ya kuulizwa sukari na kanga.

Tukirudi kwa aliyeuliza. Hadithi aliyoikusudia ni ile ya watu wawili waliomwendea Bwana Mtume s.a.w. kuomba sadaka. Akawatazama juu na chini, akawaona ni watu wa nguvu, akawaambia kwamba akitaka atawapa, lakini hana fungu tajiri wala mwenye nguvu achumaye. Neno la mwisho ndilo watu hulisahau. Haikusemwa mwenye nguvu tu, imesemwa mwenye nguvu naye achuma. Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafii hatuna haja ya kutambulishwa kwake, ameeleza katika Al-Majmuu kwamba mtu wa kuchuma asipopata wa kumpa kazi, zaka humhalalikia, kwa kuwa huyo ni kama asiyeweza. Nguvu isiyo na wa kuiajiri hailishi watoto.

Na apewe kiasi gani? Hapa desturi yetu ya kibaba cha mchele na fedha kidogo za Ramadhani yapingana na vitabu tunavyovisoma. Nawawi huyo huyo ameeleza kwamba mwenye ufundi hupewa thamani ya vyombo vya ufundi wake, viwe vichache au vingi, na mwenye biashara hupewa rasilmali ya kadiri ya biashara yake. Muuza mboga kiasi chake na sonara kiasi chake. Makusudio ni atoke katika kuomba.

Wako watakaoleta Hadithi ya mtu wa Ansari na shoka, aliyoipokea Abu Dawud, kuwa ni hoja ya kumwambia fundi nenda ukafanye kazi. (Wako waliosema maneno juu ya isnadi yake, nasi twaitaja kwa kuwa hao ndio waitumiao.) Naam, lakini isomeni yote. Mtu yule alikuja kuomba. Bwana Mtume s.a.w. alimwuliza ana nini nyumbani, akaviuza mwenyewe vile vitu viwili kwa kunadi mpaka vikapata dirhamu mbili, akamwambia moja anunulie watu wake chakula na moja shoka, akautia mpini kwa mkono wake mtukufu, na akampa muda wa siku kumi na tano. Ni nani katika sisi aliyemtilia mpini fundi wa kiwanda?

Yeye fundi naye ana wajibu wake. Asikatae kazi ya halali kwa kuwa ni duni kuliko ile ya zamani, kwani Nabii Daud a.s. alikuwa mfalme naye akila kwa kazi ya mkono wake.

Jawabu tuliyompa ndugu yetu, basi, ni kwamba ampe, na kama zaka yake peke yake haitoshi ashirikiane na wengine katika darsa mpaka itimie bei ya cherahani mbili na meza ya kukatia, maana tumeelezwa kwamba jirani yake anajua kushona pia. Na kila ajuaye mtu wa namna hii katika mtaa wake, aliyefungiwa kiwanda akawa anaona haya kusema, na aje msikitini baada ya swala ya Ijumaa pamoja na watu wengine wawili wenye akili wanaomjua mtu huyo. Hisabu za forodha hatutaziuliza.